Alhamisi Tu

Dada yangu aliacha daftari la jalada la buluu, kurasa tisini na sita, na ndani yake ameandika kila kitu ambacho binti yake anaweza kula na kila kitu kinachoweza kumuua. Hakuandika kwa maneno hayo. Aliandika "ndiyo" na "hapana". Mkate wa duka la kona: hapana, wanapaka siagi kwenye bati. Biskuti za pakiti ya njano, ndogo: ndiyo. Za pakiti ya njano, kubwa: hapana. Soseji: hapana, usishangae, soma nyuma ya pakiti.

Lile "usishangae" nimelisoma mara nyingi kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo lenye sauti yake.

Alianguka kazini siku ya Jumatatu, kwenye meza ya mapokezi ya kliniki ya meno, kadi ya mgonjwa ikiwa bado mkononi. Ijumaa tukamzika. Mume wake ni dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuja, akazika, akakaa wiki mbili akitazama ukuta, kisha akarudi barabarani maana lori si lake. Kabla hajaondoka alinikabidhi lile daftari kwa mikono miwili. "Shemeji," akasema, "mimi najua kuendesha tu. Yeye ndiye aliyejua mtoto anakula nini." Basi nikahamia kwao na sanduku moja, na mama yangu naye akaja, tukawa watatu katika nyumba ya vyumba viwili: bibi, mama mdogo na mtoto.

Mtoto ana miaka sita. Mwili wake haupokei maziwa. Watu wakisikia hivyo hudhani anaumwa tumbo. Sivyo. Maziwa, siagi, jibini, hata kijiko kilichokoroga chai ya mtu mwingine, vinamfunga koo. Akiwa na miaka miwili alilamba kifuniko cha mtindi, na dada yangu alimkimbiza hospitali bila viatu, akarudi nyumbani jioni nyayo zimechanika na yeye mwenyewe hajui.

Tunamwita Inspekta. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa kuwa hakuna kinachoingia kinywani mwake bila uchunguzi. Ukimpa kitu atakutazama machoni na kuuliza, "Umeuliza?" Na wewe lazima ujibu, "Nimeuliza." Hata kama ni ndizi na umeimenya mbele yake.

Mama yangu alikuwa haamini mambo haya. Alizoea kusema kwamba yeye alilelewa na maziwa yaliyokamuliwa ng'ombe akimtazama, na hakufa. Lakini tangu siku ya kile kifuniko cha mtindi aliamini kupita kiasi. Anapotaka chai ya maziwa huenda kuinywa kwa jirani, kwa kificho, kama mlevi, na anaporudi husukutua mara tatu na kupiga mswaki kabla hajambusu mjukuu wake. Inspekta humnusa kwanza. "Bibi, umetoka kunywa," humwambia, na bibi huapa kwamba ameacha.

Tulicheka kwa hayo, lakini hofu ilikuwa imehamia pamoja nami kwenye lile sanduku. Nilikuwa naogopa jikoni. Niliogopa sifongo ya vyombo, niliogopa kitambaa cha kufutia meza, niliogopa wageni waliokuja kutupa pole wakiwa na keki kwenye mifuko. Nikiwa kazini niliogopa simu kutoka nyumbani. Mimi ni dobi. Nafanya kazi kwenye karakana inayofua mashuka ya hoteli na vitambaa vya mezani, na kule simu haisikiki kwa kelele za mashine, kwa hiyo niliiweka ndani ya nguo, kifuani, ili ikitetemeka niihisi.

Na kulikuwa na mkoba. Mkoba mweusi wa dada yangu ulining'inia nyuma ya mlango wa chumba, pale pale ulipotundikwa na mfanyakazi mwenzake aliyeuleta kutoka kliniki. Hakuna aliyeugusa. Mama alifagia chini yake kwa uangalifu, kana kwamba kuna mtu amesimama pale. Nilijua sindano ya dawa imo humo, ile ya umbo la kalamu, ya kuchoma mtoto akipatwa. Ya pili iko shuleni, na shule ilikuwa imefungwa. Kila asubuhi nilijiambia leo nitaufungua nitoe sindano, niiweke juu ya kabati la jikoni. Kila asubuhi nikashika kitasa cha mlango, nikatoka.

Sikukuu ilipobaki wiki moja, Inspekta alinijia nikiwa nakunja nguo. Alitaka kujua kama mwaka huu kutakuwa na pipi. Nikamwambia zitakuwepo. Akauliza kama zitakuwa zile za mama, za chokoleti, za kwenye boksi lenye utepe. Sikujua anasema zipi. Nikasema ndiyo.

"Umeuliza?" akasema.

"Nitauliza."

Tangu mazishi hakuwa amenitaka chochote. Alikula alichopewa, akalala alipolazwa. Hili ndilo jambo la kwanza alilolitaka, na nikaona nikilishindwa hatanitaka la pili.

Wiki ile nilizunguka maduka kila nilipotoka kazini. Nilisoma nyuma ya pakiti mpaka macho yakaniuma, zile herufi ndogo kama mayai ya chawa. Unga wa maziwa. Mafuta ya siagi. Chokoleti zilizoandikwa "nyeusi" kwa mbele, na nyuma kumeandikwa huenda zikawa na chembe za maziwa. Nilizishika, nikazirudisha. Muuza duka mmoja alinifuata safu hadi safu akidhani naiba, na nilipomweleza alisikitika, akaniambia siku hizi kila kitu kina maziwa, hata sabuni. Kazini niliuliza pia. Mwenzangu tunayemwita Mama Pasi, kwa kuwa yeye habanduki kwenye ile mashine kubwa ya kunyoosha mashuka, alisema nimpe mtoto muwa, ataguguna mpaka sikukuu iishe.

Siku hiyo hiyo Mama Pasi alinionyesha foronya arobaini za mito zimetoka rangi ya waridi. Msichana mgeni alikuwa amefua vitambaa vyekundu vya mezani, kisha akapakia foronya nyeupe moja kwa moja. Kwetu hilo ni kosa la kwanza kufundishwa. Ukimaliza nguo za rangi, lazima upitishe mzigo wa matambara yanyonye kilichobaki kwenye pipa, na hata matambara hayo usiyaamini sana. Msimamizi alifoka kidogo, tukazirudisha kwenye dawa, tukasahau. Naliandika hili hapa kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu siku ya Alhamisi, na bado sikuona.

Ijumaa nililipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, na karibu na mwisho nikakuta maneno haya. "Chokoleti nyeusi ya mzee wa mtaa wa mafundi saa: ndiyo. Alhamisi tu."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu jikoni, kwa furaha, kwa kuwa nilijua maana yake. Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko ya dada yangu kazini. Alikuwa mtu wa ratiba: Jumanne kusuka nywele za mtoto, Alhamisi sokoni na madukani, Jumapili kupiga simu kwa ndugu. Hata kwenye daftari la mambo ya kufa na kupona ameingiza ratiba yake. Mimi siku yangu ya mapumziko ni Jumamosi. Basi nitakwenda Jumamosi.

Duka lilikuwa dogo, kaunta mbele na kiwanda nyuma, vimetenganishwa na ukuta wa kioo. Foleni ilifika mlangoni kwa ajili ya sikukuu. Nilipata muda wa kutazama. Kulikuwa na pipa la chuma lenye mkono unaokoroga polepole, bomba lililopinda kama kiwiko, na chini yake trei za plastiki zenye vishimo. Mwanamke mwenye kofia ya wavu aliweka trei, bomba likajaza, akaipeleka kwenye meza inayotetemeka ili mapovu yatoke. Kilichotoka bombani kilikuwa cheusi tii. Nilikiona kwa macho yangu.

Nilipofika mbele nilimuuliza binti wa kaunta kama zile nyeusi zina maziwa. Akasema hazina. Nikamuuliza hata kidogo. Alikuwa na kalamu sikioni na watu ishirini nyuma yangu, lakini alinijibu vizuri, akanigeuzia boksi nisome: kakao, sukari, mafuta ya kakao. Basi. Nikamwambia ni kwa mtoto ambaye maziwa yanaweza kumuua. Akanitazama usoni. "Dada, hatutii maziwa kwenye nyeusi," akasema. "Hata tone."

Alisema kweli. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Nilifika nyumbani kabla ya saa sita. Sikukuu ilikuwa Jumatatu, na mama alisema tungoje, lakini niliuona uso wa Inspekta alipouona utepe. Alikaa mezani, akaweka mikono yake miwili kandokando ya boksi bila kuligusa.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Na nimesoma."

Nilifungua boksi, nikachagua moja, nikamwekea mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe. Aliifungia kinywani muda mrefu. Meno yake ya mbele yameng'oka, kwa hiyo aliinyonya. Kisha akatabasamu, lile pengo lote likaonekana kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama yake, na akasema, "Ni zile." Mama yangu aligeukia dirisha akajipangusa kwa kanga. Nikampa ya pili.

Nilisimama kuosha bilauri. Sikuwa nimeimaliza alipokohoa.

Alikohoa kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Niligeuka. Alikuwa anajisugua mdomo begani. Nikamuuliza vipi, akasema hakuna kitu. Akakohoa tena. Kisha akautoa ulimi nje, akaupangusa kwa vidole, akautazama ule mkono.

"Mama mdogo," akasema, "ulimi wangu una nywele."

Ukurasa wa kwanza wa daftari, mstari wa kwanza, umepigiwa mistari miwili chini: akisema ulimi una nywele, usingoje.

Nakumbuka bilauri ikivunjika lakini sikumbuki kuiachia. Nilikimbilia chumbani, nikaufunga mlango ili niufikie mkoba ulio nyuma yake, na hapo nikasimama. Mama anasema haikufika hata sekunde mbili. Mimi nilikuwepo, zilikuwa nyingi. Mkono wangu ulikuwa hewani, na mkoba ulikuwa na mkunjo pale dada alipozoea kuubana kwapani, na nikawaza kwamba nikiufungua harufu yake itatoka na haitarudi tena. Kisha nikamsikia mtoto akivuta pumzi. Ilikuwa na sauti, kama kiti kinachoburutwa chumba cha mbali.

Niliung'oa na msumari wake. Nikamwaga kila kitu sakafuni: kichana chenye nywele zake, risiti, bangili ya plastiki ya mtoto, dawa ya mafua, kifuko cha miwani. Sindano ilikuwa ndani ya kifuko cha miwani.

Nilipotoka, mama alikuwa ameshamlaza chini na kuweka mto chini ya miguu yake, maana naye alishafundishwa. Shingo ya mtoto ilikuwa imejaa mabaka mekundu yanayopanda. Midomo ilikuwa imevimba mpaka uso haukuwa wake. Hakulia. Alinitazama kwa macho makubwa, akijaribu kusema kitu, na sauti ikatoka nene, ya mtu mzima, sauti iliyonitisha kuliko yote. Alikuwa anauliza, "Uliuliza?"

Dada yangu alinifundisha miaka miwili iliyopita, kwa sindano tupu, akanichoma mimi kwanza kwenye suruali tukicheka: vua kofia ya sindano, choma paja, hesabu kumi. Nilivua kofia. Nilichoma paja juu ya gauni. Nilihesabu kumi kwa sauti, na nilipofika saba nilisikia kwamba mama anahesabu pamoja nami, na mtoto naye midomo yake inajaribu.

Jirani ana teksi. Sijui nani alimwita. Nilimbeba Inspekta kiti cha nyuma, kichwa chake kifuani kwangu, na njia nzima nilisikiliza ile sauti ya kiti kinachoburutwa. Kwenye taa nyekundu jirani hakusimama. Sauti ilipungua kabla hatujafika. Sikujua kama imepungua kwa sababu pumzi inaingia au kwa sababu haiingii.

Ilikuwa inaingia.

Hospitali walimwekea barakoa ya hewa na sindano nyingine, ya mshipani. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alisema tumewahi. Alisema pia kwamba hali kama ile huweza kurudi baada ya saa kadhaa hata mtoto akionekana mzima, kwa hiyo watamkalisha mpaka kesho. Kisha akauliza amekula nini. Mama alikuwa ameleta boksi kwenye mfuko wa plastiki. Daktari alisoma nyuma, akaligeuza, akasoma tena.

"Hapa hakuna maziwa," akasema.

Nilikaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda nikihesabu kifua kikipanda na kushuka. Kama kungekuwa na kosa ningelishika: nimesahau kusoma, nimekosa kuuliza, nimedanganywa. Lakini nilisoma, niliuliza, nikajibiwa kweli, na mtoto karibu afe. Basi kitu gani kitakuwa salama? Maji? Nilimtazama muuguzi akimpa maji kwa kikombe cha wodi na nikataka kumpokonya. Nilimpigia shemeji, naye alisimamisha lori pembeni ya barabara. Nilisikia magari yakimpita. Sikuweza kuanza. Hakuniuliza imekuwaje. Aliuliza tu, "Anapumua vizuri?" Nikasema ndiyo. Akasema basi anakuja, na hakukata simu, wala mimi sikukata, tukakaa hivyo bila kusema mpaka chaji yangu ikaisha.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepiga namba iliyo chini ya boksi, nikasema maneno ambayo sitayaandika. Alasiri yule mzee wa chokoleti akaja mwenyewe. Alikuwa amevaa koti juu ya aproni, kucha zake nyeusi kwa kakao, na mkononi ana mfuko wa karatasi. Alisimama miguuni mwa kitanda akamtazama Inspekta aliyelala.

"Huyu ni mtoto wa yule dada wa kliniki," akasema. "Yule wa Alhamisi."

Nikamwambia dada wa kliniki amefariki, mimi ni mdogo wake. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha pembeni bila kuomba. Kofia aliikunja mikononi kama kitambaa cha kukamua. Ndipo akanieleza, polepole, akitafuta maneno, ingawa hakuwa na cha kuficha.

Ana mashine moja tu. Asubuhi inaweza kutoa chokoleti ya maziwa na mchana nyeusi. Na mashine ya chokoleti haioshwi kwa maji. Tone moja la maji likibaki bombani, chokoleti inagandamana kama tope na pipa zima linaharibika. Kwa hiyo wanapobadilisha hawaoshi. Wanaisukuma. Wanamimina nyeusi nyuma ya ile ya maziwa mpaka bomba litoe nyeusi, zile trei za mwanzo wanaziweka kando, kazi inaendelea. Kila mtengenezaji anafanya hivyo. Binti wa kaunta hakusema uongo: hakuna anayetia maziwa kwenye nyeusi.

Mimi ni dobi. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Niliziona zile foronya arobaini za rangi ya waridi.

Alisema Jumatano jioni tu ndipo wanapoifungua yote, kipande kwa kipande, wanaipasha moto, wanaifuta na kuikausha, na Alhamisi asubuhi wanaanza na nyeusi. Dada yangu alikuja miaka mitatu iliyopita akakaa kiwandani saa nzima akiuliza maswali mpaka wafanyakazi wakadhani ametumwa na serikali. Wiki iliyofuata alikwenda kazini kwake akabadilishana siku ya mapumziko na mwenzake, aliyekuwa na Alhamisi.

Kwa hiyo ratiba haikuwa ratiba. Nilidhani siku ile ilichagua chokoleti. Kumbe chokoleti ndiyo iliyochagua siku.

"Kosa langu," mzee akasema, "ni kwamba nilimweleza yeye tu. Sikumweleza binti wa kaunta. Nilijua dada yako ndiye atakayekuja siku zote."

Kisha akafungua ule mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na boksi lenye utepe. Dada yangu alikuwa ameliagiza wiki moja kabla hajaanguka, kwa kuogopa foleni ya sikukuu. Lilitengenezwa juzi, Alhamisi asubuhi, kabla ya vingine vyote, likawekwa rafuni nyuma ya kaunta. Mzee alishangaa hajaja kulichukua. Nilipokuwa nimesimama pale nikiuliza mara mbili, lilikuwa juu ya kichwa cha yule binti.

Tulirudi nyumbani Jumapili. Jumatatu asubuhi shemeji akafika, ndevu za siku tatu, akamwinua mtoto wake na kumshika hivyo mpaka mtoto akalalamika anabanwa. Boksi la Alhamisi nililiweka mezani. Niliwaeleza wote yote, na Inspekta pia nilimweleza, mashine na bomba na kusukuma. Alisikiliza kwa makini kama mtu anayeandika ripoti. Akaligusa boksi kwa kidole kimoja.

"Hili liko sawa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa naamini ndiyo. "Mama yako alilichagua," nikasema. "Lakini mimi sikuwepo likitengenezwa."

Kisha akalisukuma mpaka kwa baba yake. "Basi kula wewe," akasema, "tuone."

Hatukucheka sana. Shemeji aliliweka juu ya kabati, na bado liko pale.

Nilikuwa nimenunua sufuria mpya ya kifuniko chekundu, haijapikiwa kitu, na kijiko kipya cha mti. Nilichemsha sukari na maji na kukamulia limau. Inspekta alisimama juu ya kiti akikagua kila kilichoingia. Iliungua kidogo pembeni. Niliimimina kwenye sahani, ikaganda, nikaivunja kwa nyuma ya kisu, ikatoka vipande vya rangi ya kahawia, vibaya kwa sura.

"Umeuliza nani?" akasema.

"Sikuuliza mtu. Umeniona."

Akachukua kipande kidogo kuliko vyote, akaketi, akakitia mdomoni. Nilikaa mbele yake, kidevu mkononi, sindano mpya tuliyopewa hospitali mapajani. Shemeji akakaa. Mama akakaa, ameshasukutua. Mama alinitazama, akaweka mkono mdomoni, kisha akasema nimekaa kama marehemu. Ndivyo dada yangu alivyokaa kila mtoto wake alipokula, miaka yote, kidevu mkononi, na sisi tulikuwa tukimtania kwamba anamla mtoto kwa macho. Nilitazama saa ya ukutani nyuma ya kichwa cha Inspekta, na nikajua dada yangu naye alikuwa akitazama wapi.

"Mnaniangalia kama televisheni," mtoto akasema.

Dakika tano. Kumi. Alihamisha pipi shavu hili kwenda lile. Ilipofika dakika ya kumi na mbili aliacha kunyonya, akakunja uso.

"Mama mdogo, ulimi wangu..."

Kiti cha shemeji kilianguka. Mimi nilikuwa nimeshavua kofia ya sindano.

"...umekwaruzwa," akasema, akitutazama mmoja mmoja. "Pipi yako ina makali. Mngeisugua kwanza."

Mama alikaa chini sakafuni, pale pale. Shemeji alikwenda kusimama uani. Nilimwambia Inspekta atoe ulimi, nikauangalia kwa mwanga wa dirisha: mkwaruzo mwembamba, damu kidogo sana, hakuna uvimbe. Nilimwangalia shingo. Nilisikiliza kifua. Nilirudisha kofia ya sindano.

Jioni nililifungua daftari. Chini ya "Alhamisi tu" niliandika kwa nini, mistari kumi na mmoja, nikataja mashine, bomba, Jumatano jioni, na jinsi inavyosukumwa. Kisha nikaanza mstari mpya: pipi za sukari na limau, sufuria ya kifuniko chekundu, ndiyo. Zisugue kingo.

Lakini hilo ni la jioni. Asubuhi ile alichukua kipande cha pili, akakisugua kwenye ukingo wa sahani mpaka kikawa laini, akakitia mdomoni, nami nikatazama saa na kuanza kuhesabu upya.